Kabla Hujamwambia Bosi "Naanza Jumatatu"

Mwanafunzi wa chuo anayetafuta kazi huuliza kwanza wanalipa shilingi ngapi. Swali hilo lina haki yake, maana bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, likichelewa wiki mbili hakuna mama ntilie wa Mabibo wala Changanyikeni atakayepokea kitambulisho cha chuo badala ya hela. Lakini naomba liwe swali la pili. La kwanza liwe hili: kazi hii inaweza kusimama? Ikifika wiki ya testi, ikifika UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, ikifika siku msimamizi wako wa utafiti anakutaka ofisini saa nne asubuhi, kazi itakuachia siku hizo kisha ikupokee tena, au itakuambia uchague? Kwa niliyoyaona, wengi wanaoharibikiwa masomo kwa sababu ya kazi waliharibikiwa na kazi nzuri, yenye bosi mwema na malipo ya kuridhisha, ambayo iligoma kusimama wiki moja ya Februari.

Tuanze na saa, kwa sababu saa hazibembelezeki. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, semina, maabara, kujisomea na kuandika asaimenti, vyote pamoja. Mwaka wa shahada ya kwanza una krediti 120, yaani saa 1,200. Kila muhula unabeba 600, na ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo ukiwa chuoni tayari umeajiriwa kutwa, ila hulipwi. Shemeji anayekuuliza "mbona una vipindi kumi na sita tu, muda mwingine unafanya nini?" anahesabu zile saa ambazo mhadhiri anaonekana mbele.

Wiki ina saa 168. Toa 40 za chuo, zinabaki 128. Toa usingizi wa saa saba kila usiku, zinabaki 79. Anayeishi Mbezi au Mbagala na kusoma Mlimani hutumia saa mbili kwenda na kurudi siku ambayo foleni imekuwa na huruma. Kwa siku sita ni saa 12, zinabaki 67. Kupika, kufua, kuoga, kula na ibada, tuseme saa tatu na nusu kwa siku, ni kama 25 kwa wiki. Zimebaki 42. Usizishangilie. Humo ndimo mnamoingia malaria, msiba, kikao cha harusi ya binamu, umeme kukatika na mechi ya Simba na Yanga. Mimi humshauri mwanafunzi wa kutwa asizidishe saa 15 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na 20 ziwe ukuta wa mwisho. Ajira kamili, ambayo kwa sheria yetu ya kazi ukomo wake ni saa 45 kwa wiki kabla ya ovataimu, inakula zile 42 zote na kukudai tatu juu. Hizo tatu zitatoka kwenye usingizi, na hazitakuwa tatu kwa muda mrefu.

Kama unadhani nina ubahili, tazama nchi ambazo wanafunzi wetu wengi huota kwenda kusoma na kufanya kazi. Marekani humruhusu mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 kufanya kazi ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Uingereza nayo, kwa mgeni anayesoma shahada, ni saa 20 hizo hizo wakati wa muhula. Likizo ndefu ikifika, kamba inalegezwa. Hapa kwetu hakuna afisa wa uhamiaji wa kukuhesabia, kwa hiyo mhesabu ni wewe.

Sasa turudi kwenye kusimama. Kila kazi ina msimu wake wa kuchemka, na chuo kina wake. Vyuo vyetu vingi hufungua Oktoba au Novemba, UE ya kwanza huangukia karibu na Februari, ya pili karibu na Julai, na katikati ya kila muhula kuna testi. Chukua kalenda ya chuo, weka pembeni kalenda ya kazi unayoitaka, uone zinagongana wapi. Ukifanya hivyo utagundua mambo ambayo tangazo la kazi halisemi.

Angalia twisheni. Wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba, wa darasa la saba Septemba. Wazazi huanza kuhangaika kutafuta mwalimu wa hesabu na fizikia kuanzia Julai na Agosti, wakati wewe unamaliza UE na kuingia likizo ndefu. Mwezi Novemba, wakati mwanafunzi wako anamaliza mtihani, wewe ndiyo kwanza unajaza fomu za usajili. Kazi hiyo kama vile ilitungwa na mtu aliyeijua kalenda ya chuo. Kidato cha sita ndiyo wa kuwaangalia, kwa kuwa mtihani wao ni Mei, katikati ya muhula wako wa pili. Na twisheni ina faida nyingine ambayo watu huidharau: anayemfundisha mtoto kanuni za uwiano kila Jumamosi hasahau hesabu zake. Mwanafunzi wa ualimu anayekwepa twisheni ili akauze vocha nashindwa kumwelewa.

Angalia pia kazi zinazoishi humo humo chuoni. Binti anayesuka nywele hosteli ana wateja wanaofanya mtihani siku ile ile anayofanya yeye. Wiki ya UE hakuna anayetaka rasta za saa sita. Wote wamefunga vilemba. Mtihani wa mwisho ukiisha, kila mmoja anataka kwenda nyumbani akiwa nadhifu, foleni inafika koridoni. Kijana wa kunyoa, anayefua na kupiga pasi nguo za wenzake, anayepika maandazi ya asubuhi, anayepiga picha za mahafali: hawa biashara yao inapumua pamoja na chuo. Haina heshima kubwa ukiitaja kijijini, lakini inasimama inapotakiwa kusimama.

Stesheneri ni kinyume chake, ingawa iko mita chache kutoka lango la chuo. Msimu wake mkubwa ni wiki ambazo watu wanachapa na kufunga ripoti za utafiti, nawe mwaka wa tatu utakuwa na ripoti yako. Nimeona vijana waliochapa tafiti za darasa zima na ya kwao ikachelewa.

Duka la nguo Kariakoo huchemka Desemba, siku za kuelekea Idi, na Januari shule zinapofunguliwa. Ukilikubali, kubaliana tangu mwanzo kwamba utauza wikiendi na likizo, na useme kwa tarehe. Ahadi ya jumla kama "nikiwa na mtihani nitakuambia" haimsaidii mwenye duka kupanga mtu mwingine, na mtu asiyeweza kupanga huanza kukuona wewe ndiye msumbufu.

Kazi za kukusanya takwimu, zile za kupita kaya kwa kaya na kishikwambi, hulipa vizuri kuliko karibu kila kibarua cha mwanafunzi. Mtego wake ni kwamba hukupeleka Kibondo au Masasi siku kumi au zaidi mfululizo. Vyuo vingi vinataka mahudhurio ya asilimia 75 ndipo ukae kwenye mtihani. Somo lenye vipindi viwili kwa wiki kwa wiki 15 lina vipindi 30. Ruhusa yako ya kukosa ni saba tu, na safari moja ya wiki mbili imekwishakula vinne. Zichukue kazi hizi likizo, tena kwa mikono miwili. Katikati ya muhula zikatae, hata kama anayekuita ni mhadhiri wako mwenyewe. Kumwomba rafiki akusainie mahudhurio si suluhisho, ni kesi ya nidhamu inayongojea siku mhadhiri atakapoamua kuhesabu vichwa.

Kuna moja ambayo kila mwaka mtu huniuliza: ulinzi wa usiku. Hoja ni kwamba usiku kumetulia, utakaa na daftari lako getini, asubuhi uende darasani. Mlinzi anayesoma kweli kweli halindi, na anayelinda kweli kweli hasomi. Ukitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi na kipindi ni saa mbili, utakachofanya kwenye kipindi kile unakijua. Kwa kujaziliza tu, sheria yetu inataka kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ilipwe nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Uliza kama wanailipa, utajifunza mengi kuhusu kampuni hiyo.

Kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu kinahitaji zaidi ya unavyodhani. Kinataka mtaji wa aina mbili, floti na noti mkononi, na kinataka mtu awepo. Mteja aliyekuta kibanda kimefungwa mara mbili hahangaiki mara ya tatu. Hapo njia ni kuwa wawili wenye ratiba tofauti, tena wenye kuandikiana kila makabidhiano: floti kiasi gani, taslimu kiasi gani, saa ngapi. Urafiki wa chumba kimoja umevunjika kwa upungufu wa sh. 40,000 ambao hakuna aliyeweza kueleza ulitokea zamu ya nani.

Kwa dada zangu, na kwa kaka pia, kuhusu kazi za promosheni, baa na mapokezi ya hoteli. Kazi hizi ni halali na wapo waliojisomesha nazo. Kabla ya kukubali, fahamu zamu inaisha saa ngapi na nani anagharimia usafiri wa usiku. Bosi anayesema "tutaona" kuhusu usafiri wa saa saba usiku ameshakujibu. Na anayependekeza mkutane mahali pengine mzungumzie ajira, au anayeunganisha zamu nzuri na ukaribu wake, huyo anaomba rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, ripoti TAKUKURU. Usijitwishe jukumu la kumrekebisha.

Haya, shilingi. Tuseme duka linakupa sh. 8,000 kwa siku ya saa tisa. Unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, nauli imefika sh. 2,400. Chakula cha mchana sh. 2,500, utaniambia ungekula hata hivyo, lakini cha mjini unanunua peke yako, cha hosteli mnachanga. Zimebaki sh. 3,100. Ukijumlisha na saa mbili za njiani, umetumia saa 11, kila saa imekuletea kama sh. 280. Sasa linganisha na kumfundisha mtoto wa jirani saa mbili kwa sh. 5,000 bila nauli. Kazi inayoitwa kazi, yenye fulana na kitambulisho cha shingoni, mara nyingi hushindwa na kazi isiyo na jina. Fanya hesabu hii kwa kila kazi unayopewa, na ufanye kabla ya kununua suruali nyeusi.

Upande wa pili wa hesabu ni gharama ya kufeli. Sapu moja, yaani mtihani wa marudio, inakugharimu likizo, hasa zile wiki ambazo ungefanya kazi kutwa bila kuumiza darasa. Kukeri somo kunakujazia ratiba ya mwaka unaofuata, ndiyo kusema saa 40 zimekuwa 45. Kurudia mwaka ni zaidi, kwa sababu Bodi ya Mikopo humwendeleza mwanafunzi aliyefaulu kupanda mwaka. Aliyebaki nyuma anajitafutia ada na chakula mwenyewe. Na disko, kuondolewa chuoni kabisa, sihitaji kukueleza. GPA nayo ina ngazi zake: 3.5 ni daraja la pili la juu, 3.4 ni la pili la chini. Waajiri wengi hutaja daraja hilo kwenye matangazo yao, na programu nyingi za uzamili pia. Alama hiyo moja ya desimali unaweza ukawa umeiuza kwa sh. 280 kwa saa.

Anayepata bumu kamili la sh. 10,000 kwa siku husaini sh. 600,000 kwa siku 60. Siwezi kusema zinatosha Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba wakati wa kutafuta kazi ni wiki ile bumu linapoingia, ukiwa umeshiba na huna haraka. Tunafanya kinyume: tunasubiri mpaka wiki ya tano, mfuko mtupu, ndipo tunazunguka na bahasha, na mtu mwenye njaa hukubali masharti yoyote. Au anaingia kwenye kausha damu, akope sh. 100,000 arudishe kwa riba ya kila wiki. Au anabeti. Lipia chumba siku ile ile ya bumu, nunua mchele na maharage ya mwezi, ndipo ukatafute kazi ya kuziba mwisho wa mwezi wa pili. Na kama kazi inakubana, usisahau kusaini bumu lenyewe. Fedha isiyosainiwa kwa wakati hurudishwa Bodi, na kuifuatilia kutakugharimu siku nyingi kuliko alizokulipa bosi.

Kazi ikipatikana, andikishana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali, saa, malipo. Najua duka la chini ya nguzo ya umeme halina barua zenye nembo. Basi tuma ujumbe wa simu jioni ile ile: "Shikamoo mama, nashukuru kwa leo. Kama tulivyokubaliana nitakuja Jumamosi na Jumapili saa tatu hadi saa kumi na mbili, kwa sh. 8,000 kwa siku, na sitakuwepo tarehe 3 hadi 21 Februari kwa ajili ya mitihani." Akijibu "sawa mwanangu" umepata mkataba wenye tarehe. Kazi ya ziada juu ya saa za kawaida inalipwa mara moja na nusu. Mshahara usiozidi sh. 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya PAYE Tanzania Bara, kwa hiyo anayekukata "kodi ya serikali" kwenye sh. 150,000 muulize kwa upole anaipeleka wapi.

Mpaka hapa nimesema na mwanafunzi aliyetafuta kazi. Yupo na mfanyakazi aliyetafuta chuo, mara nyingi mtu mzima mwenye watoto, karani au muuguzi au mhasibu msaidizi ambaye cheo kimegoma kupanda bila shahada. Kwake swali linageuka: kazi haiwezi kusimama, je, chuo kinaweza? Kwa hiyo jambo kubwa kwake ni aina ya programu, kabla ya jina la chuo.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii, na kina vituo mikoani, hivyo mtumishi wa Songea hahitaji kuhamia Kinondoni. Kinasimama unapotaka kisimame, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Hakuna anayekugongea mlango. Mtu huahirisha masomo mawili mwaka huu kwa sababu ya ujenzi, matatu mwakani kwa sababu ya uzazi, halafu mwaka wa sita bado anajitambulisha kama mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ukienda Huria, tafuta wenzako watatu wa kozi moja mkoani kwako, mkutane siku maalumu ya wiki, kituoni au sebuleni kwa mmoja wenu. Aibu ya kuwakuta wenzako wamesoma inafanya kazi ambayo ratiba haifanyi.

Programu za jioni, kama za IFM pale Mtaa wa Shaaban Robert au CBE kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, zinamfaa anayefanya kazi Posta au Kariakoo. Anayefanya kazi Tegeta akajisajili Posta ajue kwamba amejisajili pia kwenye foleni. Kabla ya kulipa ada, fanya jaribio: wiki moja toka kazini, fika langoni mwa chuo kwa muda wa kipindi, kaa mpaka saa mbili usiku, ndipo urudi nyumbani. Uone unafika saa ngapi, na nani amewalaza watoto. Zungumza na mwenzi wako kwa namba hizo, siyo kwa "nitakuwa nachelewa kidogo".

Kazini, sema mapema. Sheria ile ya ajira inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi na nyinginezo; likizo ya mitihani kwa mfanyakazi wa sekta binafsi haimo. Unachokuwa nacho mkononi ni likizo ya mwaka, angalau siku 28 mfululizo. Watu huzimaliza Desemba kwa kwenda Moshi au Bukoba, halafu Julai wanatafuta ED, ile karatasi ya kupumzika kazini, kwa daktari bila kuumwa. Usifanye hivyo, ukigundulika umepoteza kazi na hoja. Mwezi wa ratiba ya likizo ukifika, peleka kalenda ya chuo kwa mkuu wako, omba siku zigawanywe sehemu mbili, Februari na Julai. Mkubwa anayeombwa miezi sita kabla hupenda kuonekana ana busara. Anayeombwa Ijumaa jioni hupenda kuonekana ana mamlaka. Watumishi wa umma wana utaratibu wao wa ruhusa ya masomo. Barua ya kibali ipatikane kabla ya kujisajili, kwa sababu shahada iliyosomwa bila mwajiri kujua inaweza kuleta ubishi siku ya kupandishwa cheo. Na mwajiri akikulipia ada, soma hati ya makubaliano mpaka mwisho: utamtumikia miaka mingapi baada ya kuhitimu, na ukiondoka unarudisha kiasi gani. Aliyewahi kuchukua mkopo wa Bodi kwa shahada ya kwanza na sasa anafanya kazi huku akisoma uzamili, akumbuke asilimia 15 ya mshahara inayokatwa. Bajeti ya ada ianzie kwenye kinachobaki.

Kwa vijana wa kutwa kuna daraja jingine linalopuuzwa, fildi. Chuo kinakutuma wiki kadhaa kwenye ofisi au kiwandani, na wengi huchagua mahali pa karibu na nyumbani ili kuokoa nauli. Mimi ningechagua mahali ninapoweza kurudi. Ofisi ya uhasibu yenye watu watano, yenye msongo wa kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi, itakufaa kuliko wizara ambako utapewa kiti na gazeti. Ukiwa mtu wa kuaminika katika wiki hizo, sema kabla ya kuondoka: "Nikiwa likizo naweza kuja kusaidia." Namba yako itabaki. Kazi ya saa kumi kwa wiki katika fani yako, hata ikilipa nusu ya ile ya duka, ndiyo ningemwambia mwanangu aichukue.

Nyumbani wakisikia una kazi, simu zitabadilika. Mdogo wako anadaiwa mchango wa shule, shangazi anaumwa, paa limevuja. Hakuna ubaya kusaidia, na kwa wengi wetu ndivyo na sisi tulivyosomeshwa. Lakini wazazi hawajui kwamba "kazi" yako ni sh. 60,000 kwa mwezi. Waambie kiasi. Mama akijua namba halisi atajua na kiasi cha kuomba, mara nyingi ataanza kukuombea wewe. Chagua jambo moja unalolimudu, tuseme daftari na sare za mdogo wako, lifanye bila kukosa, mengine ujibu "sina" bila hasira.

Ikitokea biashara imechanganya, wateja wanakutafuta, ukaanza kujiuliza darasani unafuata nini, usitoweke. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo: unaandika barua kabla ya mitihani, unaeleza sababu, unapata jibu kwa maandishi, na Bodi inajulishwa kama una mkopo. Sababu zinazokubaliwa zinatofautiana, kwa hiyo kamwone mshauri wa wanafunzi mapema. Aliyeahirisha ana mlango. Aliyekosa UE kimya kimya amejifungia. Na mkopo uliokwisha kuuchukua utadaiwa hata kama hukuhitimu.

Ikitokea kinyume chake, kazi ndiyo ya kuachwa, iache kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 28, au siku saba ikiwa yumo mwezi wa kwanza wa ajira. Anayelipwa kwa siku au wiki, siku nne. Toa notisi kwa maandishi, wiki ambayo si ya mauzo makubwa kama unaweza. Hesabu mzigo na fedha pamoja na mwenye duka, mtu wa tatu akiwepo, kisha nyote wawili mtie sahihi kwenye daftari. Rudisha funguo, fulana na laini ya simu ya ofisi, na uondoe namba yako ya siri kwenye kila kifaa. Kisha omba cheti cha utumishi kinachoonyesha ulianza lini, uliishia lini na ulifanya kazi gani. Sheria inamtaka mwajiri akupe, na kwenye CV ya mhitimu asiye na uzoefu mwingine, karatasi hiyo ina nafasi yake.